Folda ya kushea au rsync: GB 60 kutoka Windows kwenda Linux

Studio ya Arusha iliyorudi na GB 60 za video kutoka Ngorongoro ina njia mbili za kuzipeleka kwenye seva ya Linux: folda ya kushea, au rsync, programu ya kunakili faili kwa amri.

Folda ya kushea (kwa SMB, mfumo wa Windows wa kushea faili kwenye mtandao) ni rahisi: unaiunganisha, unaburuta, basi. Balaa ni umeme ukikatika katikati, maana faili iliyokuwa njiani inaanza upya. Acha kuburuta, tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili, yenye /Z, inayoendelea ilipoishia. Seva ya zamani inayojua SMB1 pekee (toleo la kwanza la SMB) itakataliwa na Windows 11. Sasisha Samba, programu ya SMB kwenye Linux, usiifufue SMB1.

Kwa rsync kupitia SSH (muunganisho uliosimbwa kwenda kwenye seva), sakinisha WSL kwanza, yaani Linux ndani ya Windows, kisha:

rsync -av --append-verify --progress /mnt/d/video/ user@192.168.1.10:/data/video/

Umeme ukirudi, rudia amri ileile. Inaendeleza faili iliyokatika, kisha inaihakiki nzima. Angalia mkwaju (/) baada ya video ya kwanza: ukiusahau, utapata folda ya video ndani ya video. Kwenye seva yenye prosesa dhaifu, usimbaji wa SSH hupunguza kasi. Hapo SMB hushinda. Kwa kazi ya kila siku bado ningechagua rsync.

Zote mbili zikiganda kwenye MB 11 au 12 kwa sekunde, usilaumu programu. Waya wa mtandao unakimbia kwa Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) badala ya gigabiti, yaani Mbps 1000, na GB 60 zitakula kama saa moja na nusu badala ya dakika kumi. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndogo zilizo ndani yake. Waya mmoja uliolegea kwenye plagi ya mtandao unatosha kuirudisha kwenye Mbps 100. Kata plagi, bana nyingine.