Traki 31 kwenye ThinkPad ya mtumba: uzoefu wangu na REAPER na BBC Symphony Orchestra Discover

Nianze na kelele. Tak-tak-trrr, kama bisi zinavyoruka kwenye sufuria, kila wimbo ulipofika pale violini, selo na tarumbeta zinapoingia pamoja. Ilikuwa Oktoba, kwaya yetu ilikuwa na tamasha la Krismasi, na mimi nilikuwa nimeshajinadi mbele ya kamati kwamba mwaka huu hatuimbi na kinanda kitupu, tunaimba na okestra. Okestra yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Traki 18, yaani mistari 18 ya kurekodia, kila ala na wake, na zote zinatatarika.

Nawaandikia wenzangu wanaopanga muziki wa kwaya nyumbani kwa mashine ya kawaida. Mapitio mengi ninayokutana nayo yameandikwa na watu wenye RAM ya GB 128, na ukifuata ushauri wao utaishia kukopa.

Vifaa vyangu ni hivi: ThinkPad T480 ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, prosesa i5 yenye kori nne (sehemu nne zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), SSD, na RAM ya GB 8 wakati huo. Kinanda cha MIDI cha vitufe 49, kile ambacho hutuma noti tu kwenye kompyuta, sauti inatoka huko. Saundikadi ndogo ya USB na hedifoni.

Programu ya kupangia muziki ni REAPER, ya kampuni ya Cockos. Niliichagua kwa sababu za kimaskini na sijajuta. Faili la kusakinisha ni MB kumi na kitu, unaijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Leseni hiyo ya bei nafuu inamfaa pia mwenye biashara ndogo, mradi mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Sisi wa kwaya hapo tuko salama kabisa.

Ala zenyewe ni BBC Symphony Orchestra Discover, ya Spitfire Audio ya Uingereza. Sauti walizirekodi kwa okestra hiyo hiyo yenye jina, katika studio za Maida Vale, London, ambako ilianza kufanyia kazi miaka ya 1930. Kuna matoleo matatu. Lile kubwa linameza mamia ya GB kwenye diski. Discover, lile dogo, ni kama MB 200 tu na lina ala 33, nami nililipata bure. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kifurushi, hiyo MB 200 ndiyo iliyomaliza ubishi. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu maktaba nyingine ya sauti za ala, jina sitalitaja, ya GB ishirini na kitu. Nikanunua kifurushi cha usiku, nikakesha nikiangalia mstari unavyosogea, na ulipofika asilimia 80 programu yao ya kupakulia ikaanza upya kutoka sifuri.

Sasa, jambo la kwanza lililonikera. Dirisha la Spitfire linabeba ala moja tu. Ukitaka ala 18, unafungua plagini 18, yaani programu ndogo 18 ndani ya REAPER. Mimi nilitokea kwenye Kontakt, plagini nyingine ya kubebea ala, ambako dirisha moja linapakia ala nyingi na kila moja unaipa chaneli yake ya MIDI, 16 kwa kila mlango. Nilizoea kuona okestra yote imekaa kwenye kiota kimoja. Kufungua plagini moja kwa kila ala niliona ni ufujaji, kama kuwasha jiko kumi na nane kuchemsha chai ya watu kumi na nane.

Kwa hiyo kelele ilipoanza, nilikuwa na jibu tayari: plagini zimezidi, RAM haitoshi. Nikaenda kununua RAM, nikapandisha hadi GB 16. Nikarudi nyumbani, nikabonyeza kucheza. Tak-tak-trrr.

Hapo ndipo nilipofungua kile kidirisha cha REAPER kinachoonyesha matumizi ya mashine, Performance Meter, kitu ambacho ningekifungua kabla ya kutoa hela. Traki zote 18 hazikufika hata GB 4. RAM niliyonunua ilikuwa inapunga upepo. Na zile plagini nyingi nilizozilaumu kumbe ndizo zilizokuwa zinanisaidia: REAPER hugawa kazi kwa traki, hii kori hii, ile kori ile. Ukirundika ala zote kwenye dirisha moja juu ya traki moja, mzigo unaangukia upande mmoja huku kori nyingine zinapiga soga, isipokuwa plagini yenyewe iwe imewekwa kujigawia kazi.

Tatizo lilikuwa vitufe vyekundu. Ili nisihangaike kuwasha na kuzima kila ninapohama kutoka ala moja kwenda nyingine, nilikuwa nimewasha kitufe cha kurekodi kwenye traki zote. Safu nzima inawaka kama barabara ya Morogoro saa kumi na mbili jioni. Kumbe REAPER ina ujanja wake: traki ambayo huipigi kwa mkono inatayarishwa kabla, kwa kawaida milisekunde 200 mbele, kwa hiyo prosesa inapata nafasi ya kuvuta pumzi. Traki yenye taa nyekundu haiwezi kutayarishwa kabla, kwa sababu programu haijui kidole chako kitagusa nini. Hiyo lazima ifanyike papo hapo. Mimi nilikuwa nimeilazimisha mashine ifanye traki 18 papo hapo.

Nilizima zote. Nikabofya kulia kwenye kitufe cha kurekodi, nikachagua traki ijiwashe yenyewe inapochaguliwa. Sasa ukigusa violini, violini inawaka. Ukigusa selo, violini inazimika, selo inawaka. Nikacheza wimbo wote. Kimya. Namaanisha muziki ulikuwepo, kelele haikuwepo.

Bafa nayo, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kwa mkupuo mmoja, ina sehemu yake. Kwa sampuli 128 na kasi ya 44,100, unachelewa kama milisekunde 3 na unapiga bila kuhisi kitu. Kwa 1024 ni kama 23, na hapo vidole vinatangulia masikio. Narekodi kwa 128 au 256, nachanganya sauti kwa 1024.

Lakini hata bafa ikiwa ndogo, nyuzi zilikuwa zinachelewa. Hili lilinisumbua wiki nzima. Violini ya kuvuta taratibu haianzi kama kinanda. Sauti inachomoza polepole, kwa hiyo noti ukiiweka juu ya pigo kabisa, sikio linasema imechelewa. Pizikato na spikato, zile za kudonoa na kurusha upinde, zinaingia hapo hapo. REAPER inakuruhusu kuisogeza traki nzima nyuma au mbele kwa milisekunde kwenye dirisha la njia za traki, Media playback offset. Violini za kuvuta nimeziwahisha kwa 60, spikato nimeiacha sifuri. Ukizipachika zote kwenye traki moja na kubadilisha kwa kitufe, utawahisha na zisizotakiwa kuwahi. Isitoshe, hivyo vitufe vya kubadilishia staili viko chini kabisa, nje ya vitufe vyangu 49. Kwa hiyo nikatenganisha: violini ya kuvuta traki yake, ya kudonoa traki yake. Kutoka 18 nikafika 31. Na mashine ile ile iliyokuwa inakohoa kwa 18 inacheza 31 bila kulalamika.

Nilipompelekea mwalimu wetu wa kwaya asikilize, nikamwamkia, nikampa hedifoni. Huyu mama anasoma solfa kwa wepesi kuliko ninavyosoma ujumbe wa simu. Akasikiliza hadi mwisho, akavua, akaniuliza, “Mwanangu, hawa watu wako wanapumua saa ngapi?”

Nikataka kujibu kwamba violini haihitaji pumzi. Nikanyamaza, maana tarumbeta zinahitaji, na filimbi zinahitaji, na mpiga violini naye lazima ageuze upinde. Nilikuwa nimeshikilia noti beti nzima bila mwanya, kwa sababu kompyuta haichoki. Usiku ule nilipitia traki moja moja, nikakata mwisho wa kila sentensi ya muziki mahali ambapo kwaya nayo inavuta pumzi. Halafu nikarudia nyuzi zote kwa mikono miwili: wa kulia unapiga, wa kushoto uko kwenye kigurudumu cha modulesheni cha kinanda, kinachoitwa CC1 kwa lugha ya MIDI, ambacho kwenye Discover kinaendesha nguvu ya ala. Kinapanda, sauti inapata ukali; kinashuka, inalainika. CC11, amri nyingine ya MIDI, nimeitumia kurekebisha ukubwa wa sauti tu, baadaye, kwa kipanya. Ukiacha CC1 imelala mahali pamoja, hata ungekuwa na lile toleo la mamia ya GB litasikika kama king'ora.

Mengine kwa haraka. Traki iliyokamilika unaweza kuigandisha: REAPER inaigeuza kuwa sauti ya kawaida na kuiondolea mzigo wa plagini, na ukitaka kubadilisha noti unaiyeyusha. Mimi nagandisha timpani na shaba mapema, kwa kuwa sizirudii sana. Mwangwi weka mmoja, traki zote zitume huko. Discover tayari ina hewa ya chumba ndani yake, usiizamishe. Na ukishaipanga okestra yako vizuri, ihifadhi kama kiolezo, usianze upya kila Krismasi.

Upungufu? Discover inakupa mchanganyiko mmoja wa maiki, basi. Huwezi kusogeza tarumbeta nyuma ya chumba kwa kuchagua maiki za mbali. Staili kwa kila ala ni chache. Na nyuzi ni za kundi, hakuna violini ya mtu mmoja. Kwa bei ya bure sina ugomvi nayo. REAPER naipa nyota tano kati ya tano, Discover nne, na mimi mwenyewe kwa ile RAM nijipe moja.

Ila utangulizi wa wimbo wetu ulitaka violini moja peke yake. Nikamtafuta kijana anayepiga fidla kwenye kundi la taarab, nikamkalisha kwenye chumba cha mazoezi na maiki moja, nikamchezea traki za nyuzi kwenye hedifoni. Alikuwa anateleza kutoka noti hadi noti kwa namna ambayo sikuiandika, na sikumzuia. Nikamlaza juu ya violini za London, na ghafla zote zikawa kama watu. Alipiga mara tatu. Tuliyoitumia ni ya kwanza, ile ambayo mwishoni anakohoa. Kikohozi nimekikata, ila ukivaa hedifoni utasikia kiti chake kinalia.