Jiko la gesi Tabora: anza na kipimo cha ugali

Ukienda kununua jiko la gesi, muuzaji atakuonyesha kioo kinavyong'aa na namna moto unavyowaka kwa kubonyeza tu. Mwache amalize. Kisha mwombe sufuria kubwa, ibandike, shika kingo zake na uisukume huku na huku kama anayesonga ugali wa watu sita. Jiko likicheza, hilo ni la chai. Kwa kipimo hicho, na kwa mahitaji ya kawaida ya nyumbani, nimezipanga aina za vifaa vya gesi zinazopatikana hapa mjini, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: pleti mbili na mtungi wa kilo 15

Hili ni jiko la kuweka mezani, na mtungi unakaa chini pembeni. Liweke juu ya meza nzito au ukingo wa saruji, usiwe juu sana, maana anayesonga hulazimika kukandamiza mwiko. Kama nyumbani kwako ugali ni wa kila siku, chukua lenye uso wa chuma kisichoshika kutu. La kioo linapendeza, lakini sufuria nzito ikidondoka juu yake, umekwisha. Pima uzito wa mafiga ya chuma kwa mkono. Mepesi hupinda.

Fedha usiibane kwenye regulata na mpira. Regulata ndiyo inayopunguza nguvu ya gesi kabla haijafika jikoni, na si kila regulata inaingia kwenye kila mtungi, kwa hiyo nenda dukani ukijua mtungi wako ni wa kampuni gani. Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi ubavuni, ufungwe klipu ncha zote mbili. Mimi niliwahi kuuziwa mpira wa maji na mtu aliyeapa kuwa ni wa gesi. Baada ya miezi michache ulikakamaa, ukachanika pale unapoingia jikoni. Kilichouumbua ni povu la sabuni.

Povu ndilo kipimo. Ukishafunga kila kitu, zima vitufe vya jiko, fungua mtungi, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu likivimba, gesi inatoka. Usijaribu kwa njiti ya kiberiti, hata kama fundi anafanya hivyo mbele yako.

Mtungi usimame wima, usilazwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama, haipandi kama moshi. Ndiyo maana nyumba za kupanga zinanitia hofu: ukumbi mmoja, mpangaji huyu ana gesi, yule ana jiko la mkaa chini, hatua mbili tu. Usikubali ujirani huo, hata ikibidi mpangiane zamu za kupika. Ukisikia ile harufu kama ya yai viza, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa kuwasha wala kuzima, toeni watu nje. Zimamoto ni 114.

Ya pili: mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake

Ndio wengi tulioanza nao, na ndiyo mitungi ambayo serikali imekuwa ikiigawa kwa ruzuku kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Kwa mtu wa chumba kimoja unatosha: chai, mayai, wali wa watu wawili, kupasha kiporo. Kwenye kipimo cha ugali unafeli, kwa sababu sufuria inakaa juu ya kitu chembamba na kirefu. Ukisonga kwa nguvu, mtungi, moto na ugali vinayumba pamoja. Kama huna njia nyingine, epua sufuria, isongee chini. Mtoto anayetambaa asiachwe karibu.

Kabla ya kuchagua kampuni, iwe Oryx, Taifa Gas, Lake Gas au nyingine, zunguka mtaani kwako Isevya, Cheyo au Ng'ambo uone ni ipi inayouzwa na maduka zaidi ya moja. Mzigo wetu unatoka mbali, na mtungi mtupu unabadilishwa kwa mwenzake wa kampuni ileile. Na udai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake: ukisoma kilo 14.5, mtungi wa kilo 15 uliojaa unapaswa kusoma 29.5.

Maharage loweka tangu usiku, la sivyo yatakumalizia gesi ukalaumu kampuni. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, safisha matundu ya jiko.

Ya tatu: jiko la kusimama lenye oveni

Kama unaoka keki za kuuza, sawa. Kama huoki, oveni itageuka kabati la sufuria. Kwa kusonga limetulia kuliko yote.

Ya mwisho: hita ya gesi ya maji ya kuoga

Asubuhi za Juni na Julai zinamfanya mtu aitamani. Lakini ile inayofungwa ndani ya bafu, bila bomba la kutolea moshi nje, usiinunue kwa bei yoyote. Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayowaua wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Ikibidi, ifungwe ukutani kwa nje na fundi anayeijua kazi hiyo. Tena inahitaji maji yenye msukumo. Bomba likitiririka kama uzi, haiwaki. Mimi nabandika sufuria ya maji kwenye pleti ya pili wakati chai inachemka, naenda bafuni na ndoo yangu.