Riwaya mbili nilizomsomea bibi

Bibi yangu ana mtoto wa jicho, na habari ya operesheni hataki kuisikia. Basi tangu Mfunguo Mosi, kila tukisha kusali Isha, nakaa naye barazani hapa mtaani Ng'ambo, Unguja, namsomea. Mpaka sasa tumemaliza riwaya mbili.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Skuli niliisoma kwa ajili ya mtihani tu: nikakariri wahusika, nikakariri dhamira, nikaifunga. Safari hii nimeisoma kwa sauti, na kumbe ndivyo inavyotaka kusomwa. Mazungumzo ya chumbani kwa Mwajuma yana utani wa mjini hasa, ulimi haujikwai hata mara moja. Bibi, aliyekuwa kigori miaka hiyo hiyo ya 1950 inayosimuliwa, kila mara akinikatisha: "Hebu rudi nyuma hapo."

Tulipofika pale Yasmin anapomkimbia Bwana Raza, mume aliyeozwa bila hiari yake na aliyemzidi umri kwa mbali, nikasema langu: msichana kafanya haraka, angevumilia kidogo. Bibi akaacha kuvuta tasbihi.

"Hujaozwa wewe. Nyamaza usome."

Nikasoma. Baadaye jamaa zake Yasmin wanamkataa, na Mwajuma, ambaye mwenyewe hana kitu, ndiye anayempokea. Nilipoinua macho, bibi alikuwa anajifuta kwa ncha ya kanga. Hakuniambia neno, nami sikumuuliza.

Kwangu mimi Mwajuma ndiye anayekibeba kitabu. Denge na harakati zake za kumpinga Mwingereza nilimfuata kwa hamu alipokuwa akiwindwa na makachero, lakini zipo kurasa anahutubia kuliko anavyozungumza, na hapo sauti yangu ilichoka.

Ya pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Ile ya Kiingereza ya 1994 niliwahi kuianza nikaiacha njiani. Hii sikuiacha. Watu wale wa pwani na wa msafara nilikuwa nawasikia kwa lugha ambayo wangeisema wenyewe, na hilo peke yake linatosha kumshukuru mfasiri. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, akidhani anakwenda kukaa na mjomba. Mimi niliposoma mwanzo huo niliona safari ya treni tu. Bibi akasema pale pale, "Kawekwa rehani huyo mtoto," na kweli ni deni la babake.

Safari ya kwenda bara ni ndefu. Bibi alisinzia siku mbili, mpaka tulipofika kwa sultani Chatu anayewanyang'anya mali yao, ndipo akaketi vizuri. Mimi sikuichoka.

Anayejisomea peke yake aanze na Peponi. Mwenye mzee nyumbani achukue Vuta N'kuvute, tena asome taratibu.

Jana tumeanza Kuli, ya Adam Shafi vilevile, inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Baba yake bibi alikuwa kuli pale Malindi. Tumesoma kurasa nne tu, kwa sababu kila mstari ulikuwa na mtu wa kunitajia, jina lake, la babake, na nyumba aliyokuwa akikaa.