Baada ya Shilingi 75 za Mwisho: Jinsi Nilivyochagua Simu Nyingine

Ninauza nafaka mtaani Kayole, Nairobi, na katika kazi yangu simu ndiyo sanduku la pesa. Wateja wengi hulipa kupitia nambari ya Till, yaani nambari ya M-Pesa ya biashara, na mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie, maharagwe hayaondoki kwenye mizani. Kwa sababu hiyo, mkataba wa simu yangu ya mkopo ulipokuwa ukielekea kuisha mwezi wa Machi mwaka wa 2025, niliamua kwamba safari hii nitachagua kwa utulivu, wala sitachagua nikiwa nimesimama mbele ya wakala mwenye haraka ya kuandika kitambulisho changu.

Mkopo ule niliuchukua mwaka mmoja kabla. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu kidogo kidogo, mwaka wa 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, Wakenya wengi tulizoea wazo la kununua simu kama tunavyonunua sukari ya kupima, na wakopeshaji wengine wakafuata. Wangu alikuwa mmoja wa hao wengine, nami sitamtaja. Nilitanguliza shilingi 3,500, kisha nikalipa shilingi 75 kila siku kwa siku 365. Sikuwahi kuzijumlisha hadi siku ya mwisho: shilingi 30,875, kwa simu ambayo siku niliyoichukua ilikuwa ikiuzwa shilingi 18,500 taslimu. Tofauti ya shilingi 12,375 ni faida yangu ya magunia kadhaa ya mahindi.

Hata hivyo, fedha si jambo lililoniudhi zaidi. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, nikiwa nimechelewa kulipa kwa siku moja tu, mteja alinunua kwangu kilo kumi za mchele wa pishori na kunilipa. Simu ilitetemeka, nikaitazama, na kioo kizima kilikuwa cha samawati, kikiwa na sentensi moja ya kunikumbusha deni. Ujumbe wa malipo ulikuwa umefichwa nyuma ya sentensi hiyo. Mteja alisimama na mfuko wake mkononi huku mimi nikiazima simu ya jirani, muuza mboga, ili nitume shilingi 75 nifunguliwe duka langu mwenyewe.

Anayekaribia kumaliza mkopo wa aina hii ajue kwamba kumaliza kulipa na kufunguliwa ni mambo mawili tofauti. Kufuli hizi huwekwa ndani kabisa ya mfumo wa simu, kiasi kwamba hata ukifuta kila kitu na kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani, kufuli hurejea mara tu simu inapopata intaneti. Yangu ilikaa siku kumi na sita baada ya malipo ya mwisho, na haikuondolewa hadi nilipokwenda ofisini nikiwa na taarifa ya M-Pesa niliyoichapisha kwenye saiba. Kwa hiyo usiuze wala usimpe mtu simu hiyo kabla hujaifuta, ukaiunganisha na intaneti na kuhakikisha kwamba imewaka bila kudai chochote. Jaribio hilo hilo ulifanye unaponunua simu ya mtumba, kwa maana zipo zinazouzwa mitaani zikiwa bado na deni la mtu mwingine.

Wiki hiyo hiyo niliyofunguliwa, mkopeshaji aliniandikia kunisifu kuwa mteja mwaminifu na kunipa simu mpya bila malipo ya kutanguliza, kwa shilingi 95 kwa siku, kwa siku 450. Safari hii nilichukua kikokotoo kwanza. Jumla ilikuwa shilingi 42,750, ilhali simu yenyewe ilikuwa ikiuzwa madukani kwa takriban shilingi 24,000. Nikakataa. Nilimlipa fundi shilingi 1,200 anibadilishie betri ya simu ya zamani, kisha nikaendelea kutoa shilingi 75 kila usiku kama kawaida, ila sasa nikizipeleka M-Shwari, akaunti ya akiba iliyo ndani ya M-Pesa. Mkono ulikuwa umezoea, na biashara ilikuwa imezoea kuishi bila hizo pesa. Kwa siku 210 nilikuwa na shilingi 15,750, na zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha akiba ilipofika nikaongeza 7,000.

Nilienda katikati ya jiji siku ya Jumatatu, siku ambayo Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya simu, haina msongamano wa Jumamosi na muuzaji ana muda wa kujibu maswali. Duka la kwanza nililoingia lilikuwa la iPhone zilizotumika. Kijana aliyekuwapo alinisihi, “Dada, hii imetoka Marekani, ni safi kama mpya.” Ilikuwa safi kweli, lakini ilikuwa iPhone 14, na iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina kabisa nafasi ya kuwekea laini; hutumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu yenyewe. Kwa mtu ambaye simu yake ikiharibika hutoa laini na kuichomeka katika simu ya jirani ili biashara iendelee, hilo lilitosha kunirudisha barabarani.

Tecno, Infinix na itel nilizitazama kwa muda mrefu zaidi. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya China, na zina sifa ambayo wanaozibeza huisahau: vipuri vyake vimejaa na karibu kila fundi wa Nairobi anazifahamu, mbali na vituo vyao wenyewe vya matengenezo, Carlcare. Kwa bei yangu zilikuwa na hifadhi kubwa kuliko nyingine, na chaja ilikuwa ndani ya boksi. Kama ningekuwa nanunua simu ya kutumia miaka miwili, ningeishia hapo.

Ila swali langu lilikuwa juu ya miaka. Simu yangu ya mkopo ilipata sasisho lake la mwisho la usalama hata kabla sijamaliza kuilipia, na mtu anayeweka akiba, Till na akaunti ya benki ndani ya simu moja hapaswi kulichukulia jambo hilo kama mapambo. Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa mwaka wa 2024 ikiwa na Android 14 na ahadi ya matoleo sita mapya ya Android pamoja na miaka sita ya masasisho ya usalama. Sikutegemea ahadi ya namna hiyo kwa simu ya bei hii. Nilichukua ya 4G, maana ipo pia ya 5G ambayo ni ghali zaidi, na mimi muda mwingi nasoma jumbe na kupiga hesabu.

Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06# na kulinganisha nambari ya IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, muuzaji akinitazama kama mkaguzi wa serikali. Nilidai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, yenye nambari hiyo hiyo. Nikalipa shilingi 22,500.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu niinunue. Betri ya mAh 5,000 hunifikisha saa nne usiku kutoka saa kumi na moja alfajiri ninapoelekea sokoni kuchukua mzigo. Kioo cha inchi 6.7 kimenisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu macho yangu hayapendi tena maandishi madogo ya taarifa za benki. Mambo mawili uyajue mapema. Nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyo hiyo ya kadi ya kumbukumbu, hivyo mwenye Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na Airtel kwa ajili ya bando, kama mimi, hana mahali pa kuiweka kadi. Hakikisha hifadhi ya ndani inakutosha, mimi nina GB 128. Pili, ndani ya boksi kuna waya tu. Chaja ya wati 25 niliinunua kwa shilingi 1,700, kava na kioo cha kinga kwa 600, na kwa hiyo gharama kamili ninayoihesabu ni shilingi 24,800.

Ile ya zamani nilimpa muuza mboga, ikiwa imefutwa na kujaribiwa kwenye intaneti mbele ya macho yake.