Njia ya Batwa, Mgahinga: nenda, ila mkalimani tafuta mwenyewe

Mimi ni afande mstaafu. Kiswahili changu ni cha kambini, msinicheke. Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, nilikaa miaka minne nikiutazama mlima Muhabura kila asubuhi bila kuusogelea. Juzi binti yangu akanilipia Njia ya Batwa, matembezi katika hifadhi ya Mgahinga yanayoongozwa na Batwa, watu wa asili wa msitu huo, kupitia kampuni moja ya Kampala.

Tulianzia lango la Ntebeko saa mbili asubuhi, baridi inakata masikio. Kiongozi wetu mzee wa Kitwa, ngozi begani, buti za mpira miguuni. Penye gogo moja alisimama akaongea dakika tano nzima, mikono inaruka, anacheka peke yake. Kijana wa kampuni akatafsiri: "Anasema hapa kuna asali."

Basi!

Nikamsogelea mzee na Kiswahili changu. Kumbe anakijua, amebeba sana mizigo Bunagana, mpakani na Kongo. Akaanza upya. Hao si nyuki hivi hivi. Ni ubuhura, wale wadogo wasiouma. Akanionyesha tundu lao, jembamba kama bua, akanibandika sikio kwenye gome nisikie. Sisi tukishasema "nyuki" tumemaliza. Hata sokwe, jina moja tunamtwika huyu mkubwa wa huku, gorila, na yule mdogo wa msitu wa Kibale. Kwa mzee huyu wa huku ni ingagi. Imbogo, yaani nyati, nilijijazia mwenyewe, maana mavi yake yalikuwa bado yanafuka. Halafu akaunyooshea kidole Sabinyo: maana yake meno ya mzee. Nikautazama mlima na mapengo yake, nikacheka kwa sauti.

Na maneno hayo ni ya Kifumbira, lugha ya majirani zao wakulima. Batwa walitolewa msituni 1991 hifadhi ilipotangazwa. Mahakama ya Katiba ilitamka 2021 kwamba haki zao zilivunjwa. Nilimuuliza kama wajukuu wake wanaijua miti hii. Akasema majina wanayajua, miti hawajaiona. Yeye mwenyewe huingia akiwa na wageni tu.

Moto wa kupekecha vijiti ulishika haraka kuliko kiberiti changu chenye unyevu. Pango la Garama, urefu mita 342, bebeni tochi. Akina mama walipoanza kuimba gizani nywele zilinisimama.

Nikirudi nitatafuta mkalimani Kisoro mjini. Yule kijana abaki kulinda gari.