Uzoefu wangu: mpango wa ufadhili na ulezi kwa wasichana wa Pemba wanaokwenda chuo kikuu

Huu ni msimu wangu wa tatu nikiwa mlezi wa kujitolea katika mpango huu. Jina la taasisi naliacha, maana si yote hapa ni ya kuwasifu. Ada wanalipa kwa wakati, ulezi wao mzuri, lakini hela ya kujikimu ndipo wanapopwaya.

Uzito wa mpango unaonekana Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Msichana wa Micheweni au Konde mara nyingi hakwami kwa alama. Sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu ni prinsipo mbili (ufaulu wa masomo makuu mawili ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, na kwa kuwa D ni pointi 2, hata D mbili zinamwezesha kuomba shahada, ingawa kozi nyingi zina masharti yake zaidi ya hayo. Anakwama kwa makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma Hamad, cha skuli kinasema Fatuma Hamadi. Mtaani ni mtu yule yule, kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu ni watu wawili. Kwa hiyo kabla fomu haijafunguliwa, vyeti vyote vinatandazwa mkekani na kusomwa herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana, anatafutwa wakili wa kuandika hati ya kiapo. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa mzaliwa wa huku unafanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ni ya Bara, na wapo wanaopoteza wiki nzima wakihangaika nayo. Yatima anatakiwa cheti cha kifo cha mzazi, na hapo ndipo pagumu: marehemu alizikwa siku ile ile, hakuna aliyekwenda kuandikisha. Aanzie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake, mapema, asingoje Julai.

Jambo jengine ni simu. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Kama maombi yalijazwa kwa namba ya kaka aliyeko baharini, ujumbe utasomwa siku ya mwisho imeshapita. Laini iwe ya msichana mwenyewe, hata kama simu ni ya kuazima.

Chuoni kila mgeni anapewa dada mlezi wa mwaka wa tatu, wanakutana kila baada ya wiki mbili. Mwanzo nilidhani ni mazungumzo ya kutiana moyo tu. Kumbe wanakaa na ratiba ya kozi, wanapiga mstari chini ya tarehe za majaribio, halafu mgeni anachapa kazi yake ya kwanza mwenyewe, dada akiangalia tu. Wengi hawajawahi kugusa kompyuta, na mhadhara wa Kiingereza haurudiwi. Anayekosa vikao viwili mfululizo hufuatwa dakhalia, yaani bwenini. Hili wanalifanya vizuri kweli.

Sasa hela. Mpango unatoa posho baada ya mwanafunzi kuleta uthibitisho wa usajili, na bumu la mkopo, yaani fedha za kujikimu za mkopo, nalo husubiri usajili. Lakini boti ya Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, daladala ya Tunguu kilipo chuo, godoro na chumba vyote vinataka fedha siku ya kwanza. Mchele na dagaa waliofungashiwa nyumbani huisha kabla posho haijaingia. Walezi tumeshaomba mara mbili nusu ya posho itangulie. Bado. Mzazi asiye na akiba aombe barua ya mpango aipeleke chuoni kuombea nafasi ya dakhalia mapema, kwani zinajaa haraka.

Kinachoniudhi zaidi ni kifungu kinachosimamisha ufadhili mwanafunzi akiahirisha mwaka. Wanaoolewa mwaka wa pili si wachache, na mimba haiulizi ratiba ya mitihani. Chuo kinaruhusu kuahirisha kwa sababu za afya, ila mpango unahesabu kwamba ameacha. Niliyemwona akarudishwa ni yule aliyeandika barua kabla ya mitihani kuanza, akaambatanisha karatasi ya daktari, akapeleka nakala kwa mpango siku hiyo hiyo na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Waliosubiri mpaka mtihani uwapite hawakusikilizwa.