Glirisidia katikati ya mahindi: mbolea nzuri, ila inadai mikono

Kama unatafuta mbolea ya kumwaga leo ili wiki ijayo uone mahindi yamebadilika rangi, glirisidia haikufai. Lakini kama shamba lako limechoka, una uhakika wa kulilima kwa miaka mingi, na kuna watu wa kushika panga, sijaona pembejeo inayoikaribia. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibania ina sababu zake, nitazieleza.

Kwa asiyeufahamu, huu ni mti wa jamii ya mikunde, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, na jina lake la kitaalamu ni Gliricidia sepium. Wengi wanaujua kama mti wa uzio, maana ukichomeka fimbo yake ardhini wakati wa mvua inachipua. Mimi nauzungumzia kama mbolea: miti inayopandwa kwa mistari ndani ya shamba la mahindi, ikakatwa kila msimu na majani yake yakafukiwa. Kitaluni utauziwa mche, ila unachokihitaji wewe ni jani. Muuzaji anayekusifia urefu wa mti au uzuri wa kivuli chake anakusifia kitu ambacho mahindi hayakitaki kabisa.

Tuanze na hilo jani. Likikauka, nitrojeni yake ni kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito. Kwa hiyo tani moja ya majani makavu ina kilo 30 hadi 40 za nitrojeni, wakati mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Usichukue hesabu hiyo ukadhani yote inaingia kwenye hindi msimu huohuo. Sehemu inapotea, sehemu inabaki udongoni inasubiri. Hiyo inayobaki ndiyo iliyonifanya niupende mti huu, kwa sababu urea ikishaliwa na mahindi au kuchukuliwa na maji, habari yake imekwisha. Jani linaacha mboji. Udongo wangu ulikuwa unapasuka kiangazi na kugeuka tope la kuteleza mvua zikinyesha. Sasa jembe linazama bila kulazimishwa, na ukifukua kwenye mstari wa miti unakutana na minyoo, ambayo upande usio na miti ni ya kutafuta.

Nitrojeni hiyo inatoka hewani. Kuna bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mti huu, ndani ya vinundu vidogo, na wao ndio wanaoikamata na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hili unaweza kulikagua mwenyewe, na nawasihi wanunuzi walikague kitaluni kabla ya kutoa hela. Omba mche mmoja uliokwishakomaa kitaluni, pasua kiriba chake, yaani kifuko ulichooteshwa, loweka udongo kwenye maji ili mizizi ibaki bila kukatika. Utaona vinundu vimeshikilia mizizi myembamba. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au wekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, hakijaanza au kimeshachoka. Mche usio na kinundu hata kimoja utaota tu, lakini utaanza kwa kuchukua nitrojeni ya udongo kama mmea mwingine wowote. Kitalu kinachojua kazi huchanganya kwenye viriba udongo kidogo uliotolewa chini ya glirisidia kongwe, ili bakteria wawe humo tangu mwanzo. Waulize kama wanafanya hivyo. Jibu lao litakuambia mengi kuhusu kitalu hicho.

Nina malalamiko na mahali nilipochukua miche yangu. Miche yenyewe ilikuwa mizuri, iliyonyooka, shina gumu. Lakini hakuna aliyenieleza jinsi ya kuikata wala lini, na walijitahidi kunipa fimbo za kuchomeka badala ya miche ya mbegu wakisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Fimbo hutoa mizizi ya juujuu, inayogombania maji na mahindi palepale mahindi yanapokunywa. Mche wa mbegu unapeleka mzizi chini, kule ambako mahindi hayafiki, ukarudisha juu virutubisho vilivyokwishazama. Kwa uzio chukua fimbo. Kwa kuchanganya na mahindi, dai mche wa mbegu na usikubali kubembelezwa.

Mimi nimepanda mita 1 kati ya mche na mche, mita 5 kati ya mstari na mstari. Hiyo ni miti 2,000 kwa hekta, na mahindi yanaingia katikati bila kubanwa.

Sasa subira. Msimu wa kwanza hupati kitu. Mche ni mwembamba, magugu yanaufunika, na ukiruhusu mbuzi wapite umekwisha. Msimu wa pili unakata kidogo tu, zaidi ili mti uchipue matawi mengi. Ni kuanzia wa tatu ndipo unaanza kubeba majani ya maana, na hapo mahindi yanakuonyesha yenyewe: majani ya chini yanabaki ya kijani mpaka gunzi linajaa, badala ya kuanza njano ile inayoanzia ncha na kushuka katikati ya jani.

Usiniamini mimi peke yangu. Pale Makoka, kusini mwa Malawi, watafiti wa ICRAF, taasisi ya kilimo mseto cha miti yenye makao makuu Nairobi, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulima mahindi na glirisidia kwenye ardhi ileile na wakaendelea kuipima kwa miaka mingi. Mahindi yaliyolimwa na miti bila mbolea ya dukani yalitoa zaidi ya mara mbili ya mahindi yaliyolimwa peke yake bila mbolea. Kinachonivutia pale ni muda. Majaribio mengi ya kilimo ni ya msimu mmoja au miwili, na mti ni kitu cha kupimwa kwa miaka.

Nyota niliyoibania inahusu kazi. Kabla ya kupanda unakata miti yote, unaacha kisiki cha kama sentimita 30, unakwanyua majani na vijiti laini na kuvifukia kwenye matuta vikiwa vibichi. Ukiyaacha juu yakauke na jua, nitrojeni nyingi inaondoka zake. Hapo bado una nguvu, sawa. Tatizo ni kwamba visiki vinachipua haraka, na mahindi yakifika magotini machipukizi yanataka kuyapita. Lazima ukate tena, na wakati huo ndio wakati wa palizi, kila mtu shambani kachoka, vibarua wamepanda bei. Ukichelewa, mti uliopaswa kuyalisha mahindi unayanyima mwanga na maji. Watu wengi wanaosema wamejaribu glirisidia ikawaangusha, ukiwahoji vizuri utakuta waliangushwa na mkato huo wa pili. Mkasi wa kupogolea wenye mikono mirefu unasaidia kuliko panga, maana panga likiwa butu linapasua kisiki na kukifungulia milango mchwa.

Na kuna fosforasi. Jani la glirisidia lina fosforasi kidogo, na mti hauwezi kutengeneza fosforasi kutoka hewani. Kama udongo wako hauna, majani tani ngapi hayatakusaidia. Mimi mbolea ya kupandia sijaiacha, ila naweka kidogo pamoja na samadi. Ya kukuzia nimeiacha kabisa. Anayekuambia mti huu unamaliza haja ya mbolea zote ana miche ya kuuza.

Sehemu zenye baridi kali au maji yaliyotuama, usihangaike nao. Hautaki.

Je, kuna mbadala? Upo, na mmojawapo hauhitaji hata kununua. Kabla hujaenda kitaluni, tembea shambani uangalie visiki. Nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na Zinder waliacha kung'oa machipukizi ya visiki vya miti iliyokuwa imekatwa zamani. Walichagua machache kwa kila kisiki, wakayapogoa, wakalima mtama na uwele katikati yake. Mwaustralia Tony Rinaudo alifanya kazi kubwa ya kulieneza wazo hilo, ila waliolibeba ni wakulima wenyewe, wakafikia takriban hekta milioni 5. Mmoja wa miti wanayoilinda ni Faidherbia albida, wa jamii ya migunga, wenye tabia ya ajabu: mvua zikianza unapukutisha majani, kiangazi unayavaa. Kwa hiyo mazao yakiwa shambani hauyazibii jua, na majani yake yanakuwa yameshaanguka chini yao. Huo hauhitaji mkato wa pili wakati wa palizi. Ubaya wake ni umri, maana unahitaji miaka mingi kabla ya kuleta tofauti. Kijana mwenye ardhi yake, ningemwambia apande yote miwili.

Ukiwa na ng'ombe wa maziwa, angalia kaliandra, kichaka cha malisho. Watafiti walipima wakaona kilo 3 za majani yake mabichi zina protini inayomeng'enywa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na vichaka kama 500 vinatosha kumwongezea ng'ombe mmoja mwaka mzima. Glirisidia nayo wanakula, ingawa mwanzoni harufu yake inawasumbua. Iache inyauke kwanza. Farasi usimpe, inamdhuru. Mkaratusi sitauzungumzia zaidi ya kusema kwamba ni mti wa nguzo, na mahali pake si kando ya mahindi wala juu ya chemchemi.

Kuna jambo moja kwenye matangazo ya miche hii linalonikera sana, nalo ni kuuza mti wa shambani kana kwamba unafidia msitu. Jirani na shamba langu kuna kipande cha msitu wa asili, na maboga ninayoyapanda katikati ya mahindi yanakitegemea. Mahindi huchavushwa na upepo, hayamwombi mtu. Boga lina ua dume na ua jike mbali mbali, na bila nyuki kupita asubuhi ua likiwa wazi, kile kiboga kidogo nyuma ya ua kinageuka njano na kuanguka. Upande unaopakana na msitu maboga yanashika kwa wingi. Upande wa barabarani unaokota viboga vilivyooza.

Wengine wamelipima jambo hili kwa uangalifu kuliko mimi. Huko Costa Rica, utafiti wa Taylor Ricketts na wenzake uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kahawa iliyokuwa ndani ya kama kilomita moja kutoka msituni ilizaa asilimia 20 zaidi ya ile ya mbali, kwa sababu ya nyuki wa msituni. Kwenye kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, watafiti waliifunika mikakao kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, wadudu wakapata nafasi, na mavuno yakashuka karibu theluthi moja. Kakao yenyewe huchavushwa na visubi wadogo kabisa wanaozaliana kwenye majani yanayooza chini ya miti. Mtu anayefagia shamba la kakao likawa safi kama uwanja anawafukuza bila kujua.

Glirisidia inayokatwa kila msimu haiwezi kazi hiyo. Haifiki hata kuchanua, maana maua yake ya waridi hutoka kiangazi kwenye matawi yaliyokomaa, na wewe unayakata machanga. Ndiyo maana ile ya mpakani naiacha isimame bila kukatwa. Inachanua wakati ambapo hakuna ua lingine la maana, nyuki wanajaa, na kiangazi upepo unapungua nguvu kabla ya kufika kwenye bustani. Ukinunua miche, tenga ya mpakani mapema na uamue kwamba hiyo panga halitaigusa.

Ukienda kununua, agiza mapema, mche ufike shambani mvua zikiwa zimetulia, si siku ya mvua ya kwanza inayofuatwa na jua kali. Chagua wenye shina la unene wa penseli. Uliorefuka kupita kiasi kitaluni mara nyingi mzizi wake umejikunja chini ya kiriba. Geuza kiriba uangalie, na ukiona mzizi umetoboa na kuzama ardhini, ukikatwa wakati wa kung'olewa utadumaa. Chukua ya ziada kwa ajili ya mchwa. Na kama ardhi umekodi kwa msimu mmoja, ongea kwanza na mwenye shamba kuhusu miti hiyo itakuwa ya nani, mkaandikiana, kabla hujachimba shimo hata moja.